Siku Sita Ambazo Sikuwepo

Sauti ilianza upande wa bondeni, ndani ya ukungu, dakika chache baada ya saa tatu asubuhi. Ilikuwa sauti ya kuhema: mtu mnene, mwenye kifua kibovu, anapanda mlima kwa kasi iliyomzidi. Ilipanda, ikanikaribia, kisha ikapita juu ya kichwa changu, na hapo nikatambua kwamba mtu huyo hakuwa akikanyaga ardhi. Ikafuata ya pili. Ikafuata ya tatu. Halafu, kutoka kwenye miti ambayo sikuweza kuiona, ukatoka mlio kama wa punda anayekataa mzigo.

Nilikuwa nimesimama nje ya kibanda, silinda ya kupimia mvua mkononi, ikiwa siku yangu ya nne ya kukaa peke yangu tangu nizaliwe. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Nilikwisha kufanya kazi ya vipimo vya mvua na mito kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na wakati huo nilikuwa pia mwanafunzi wa uzamili, mkubwa kwa umri kuliko msimamizi wake. Mtu wa namna hiyo angetazamiwa aingie ndani, achukue daftari, aandike: sauti isiyojulikana, saa tatu na dakika kumi, mwelekeo kusini-mashariki. Mimi niliingia ndani, nikachukua mkoba, nikafunga kufuli, nikashuka mlima.

Vijana mnaoanza kazi hii huniuliza mambo mawili kila mnapokuja nyumbani kwangu Mafiga: namna ya kupata usomaji sahihi, na namna ya kustahimili ukiwa wa vituo vya mbali. Mnayauliza kama maswali mawili. Kwa muda mrefu nami niliyajibu hivyo.

Aliyenifundisha kusoma kipimo alikuwa mkuu wangu wa kwanza, Mzee Salehe, mwanamume mfupi aliyevaa koti la mvua hata wakati wa kiangazi kwa sababu, alisema, mvua haina adabu ya kupiga hodi. Alinifundisha kuchuchumaa. Maji ndani ya silinda hujikunja, yakapanda kidogo kwenye kuta za kioo. Usomaji halali ni wa chini ya mkunjo ule, na jicho sharti liwe sawa nao. Ukisoma umesimama, alisema, unasoma uvivu wako. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa kuwa wino ukilowa hukimbia na penseli hubaki. Alinifundisha kupaka grisi kwenye kigingi kinachobeba kipimo ili siafu wasihamie ndani ya faneli, ule mdomo unaopokea mvua. Na alinifundisha kistari.

Siku ambayo hukusoma kipimo, unaandika kistari. Hukisii, hugawanyi, humuulizi jirani.

"Kistari si aibu, Mwanaidi," aliniambia. "Kistari maana yake hukuwepo. Sifuri maana yake ulikuwepo, mvua ndiyo haikuwepo. Ukizichanganya hizo mbili, tufunge ofisi tukalime."

Alinifundisha pia nisisalimiane na mtu kabla ya kuandika. Nilidhani ni ukali wa kizee, mpaka asubuhi moja, kwenye kituo kimoja cha njia ya Matombo, nilipomaliza kusoma na kabla sijafungua daftari akatokea babu mmoja na jembe begani. Ningefanyaje?

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtaja baba.

"Huyo simjui. Mama yako wa ukoo gani?"

Nikautaja ukoo. Akatua jembe. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza: nani alimwoa nani, nani alihamia Kilosa, nani alikufa na nani wanasema alikufa. Nilipofika kwenye daftari nilikuwa na undugu mpya na babu yule, na nilikuwa na tarakimu mbili kichwani zisizojua ipi itangulie. Nikaandika kumi na nne. Ilikuwa arobaini na moja; niligundua kwa sababu Mzee Salehe alifika kabla sijamwaga maji. Hakunikemea. Aliuliza tu, "Umempata shangazi?"

Nasimulia haya kwa utaratibu huu, na si kwa utaratibu wa miaka, ili muone kwamba nilipofunga kufuli la kibanda asubuhi ile nilikuwa nimefundishwa kila kitu nilichohitaji kujua.

Kibanda kilikuwa juu ya mashamba ya mwisho ya Matombo, mahali migomba na mipilipili manga inapokoma na msitu unapoanza. Chumba kimoja, mabati, choo nyuma yake, na nyuma ya choo jiwe tambarare ambalo ndilo lilikuwa mahali pekee penye mtandao wa simu. Hapo nilitakiwa kukaa miezi saba, nikisoma mvua ya kila siku kwa ajili ya tasnifu yangu. Kwa kawaida tungeweka wasomaji wawili wa zamu, lakini msimamizi wangu, ambaye aliniita dada nami nikamwita daktari, alitaka jicho moja. Watu wawili wana mazoea mawili, alisema. Mmoja hukadiria juu, mwingine chini, na mwisho unapima watu badala ya mvua. Nilikubaliana naye kikamilifu. Hoja yake ilikuwa sahihi, na mimi sikuwa nimeulizwa kama nimewahi kulala katika nyumba isiyo na mtu mwingine. Sikuwahi. Nyumba yetu ya Mafiga haijapata kuwa na chumba kitupu, na safari za kazi zote tulikwenda watatu garini, dereva akiwa ndiye mwenye maneno mengi kuliko sote.

Siku tatu za kwanza nilizungumza kwa sauti. Nilijieleza: sasa nachemsha maji, sasa natafuta kiberiti. Siku ya nne ikaja ile sauti.

Nilishuka hadi Mkuyuni, kwa binamu yangu Asha, ambaye ana genge la matunda karibu na soko na nyumba yenye kibaraza ambacho mtaa mzima umekigeuza sebule.

"Homa," nilimwambia.

Asha akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Homa ya wapi hii? Mbona wa baridi kama chupa ya soda?"

"Imeshuka njiani."

"Haya, kaa." Na jioni, mbele ya majirani: "Jamani, njooni muone homa inayokula wali sahani mbili."

Nilikaa siku sita. Nilikifikiria kipimo mara nyingi kila siku, na kila mara palikuwa na mtu wa kuniondoa kwenye fikra hiyo: huyu analeta shelisheli la kuchoma, yule ana habari ya mke wa mtu, watoto wanagombania rimoti. Hiyo ndiyo raha ya nyumba yenye watu, na siidharau. Fikra isiyopendeza haipati nafasi ya kukaa. Alasiri ya siku ya tatu ilinyesha mvua ambayo ilitunyamazisha sote kibarazani, kwa kuwa mabati hayakuruhusu mtu kusikika. Asubuhi yake mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ulibeba migomba mizima, mikungu ikiwa bado imening'inia. Majirani walisimama ukingoni wakiihesabu. Nami nilihesabu. Nilikuwa mpimaji pekee wa mvua kwenye mteremko ule wote, na nilikuwa nahesabu migomba pamoja na watoto.

Siku ya saba Asha aliuliza, "Homa imepona, au mchele ndio umekwisha?" Nikapanda.

Kipimo cha aina ile kina chupa ndani ya kopo. Chupa ikijaa, maji humwagikia kwenye kopo, na hayo nayo hupimwa. Kwa hiyo hata mtu akikosekana siku mbili tatu, jumla hubaki. Nilifungua. Chupa ilikuwa imejaa. Kopo lilikuwa limejaa. Maji yalisimama hadi kwenye mdomo wa faneli, na jani moja likielea. Jumla haikuwepo tena. Ilikwisha kumwagika kwenye nyasi.

Vistari sita. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kazi yangu, na ingechukua nusu dakika.

Nilimwaga maji, nikaingia ndani, nikakaa mezani na daftari, nikaanza kufikiri. Vistari sita vitamfanya daktari aulize. Akiuliza nitasema niliugua. Nikisema niliugua atauliza kwa nini sikupiga simu kutoka Mkuyuni, ambako mtandao upo kila mahali. Nikajaribu njia nyingine. Niliisikia mvua ya Mkuyuni. Najua siku ipi ilinyesha na ipi ilikuwa manyunyu. Najua kwa wastani mlimani hunyesha zaidi kuliko bondeni. Nikaandika namba sita. Ile ya siku ya tatu niliifikiria kuliko zote. Niliijua ingekuwa kubwa. Lakini namba kubwa sana humvutia mtu. Msimamizi angependa kuja kuona alama za maji, kupiga picha, kuuliza. Nikaipunguza hadi ikawa namba isiyomshtua mtu.

Niliziandika kwa penseli, moja kwa mkazo, nyingine kwa wepesi, kama mtu anayeandika siku tofauti. Kisha nikalowesha kidole gumba, nikakiburuza kidogo juu ya ile ya siku ya tatu, ili ionekane iliandikwa mvuani.

Sina la kuongeza kuhusu kidole kile. Nimekiandika kwa sababu nimejiahidi usahihi.

Alhamisi yake alipanda Mama Deo. Huyu alikuwa jirani yangu wa karibu, mwendo wa nusu saa chini ya kibanda, mjane mwenye mdalasini na migomba kando ya mto, na Mkatoliki ambaye hakukosa misa ya misheni wala hakukosa la kusema kuhusu waliokosa. Aliniletea magimbi kila Alhamisi, akayatua, akakataa kukaa.

"Shikamoo, Mama Deo."

"Marahaba, mtaalamu. Mbona umekonda? Huku juu unakula ukungu?"

Nikamweleza ile sauti. Nilimweleza kwa lugha ya kitaalamu, mwelekeo na muda. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akajishika kiuno.

"Hondo hao!"

"Hondo?"

"Hondohondo. Ndege mweusi, mdomo kama jembe lililopinda. Mabawa yake ndiyo yanahema. Mtaalamu mzima! Watoto wangu walikuwa wakiwasikia, wanajua wamechelewa shule." Akacheka mpaka akafuta macho na ncha ya khanga. Alipotulia alisema, "Na mvua ile uliiona? Maji yalifika kwenye mfenesi wangu. Yaliupanda mpaka kwenye kile kifundo, pale tawi la kwanza lilipokatwa. Tangu niolewe sijaona."

"Niliiona," nikasema.

Alinitazama kidogo. Akachukua kikapu chake kitupu, akashuka.

Miezi iliyobaki niliimaliza bila kukosa siku hata moja, na ndiyo ninayopaswa kuwaeleza, maana ndiyo mnayoiogopa. Wiki mbili za kwanza ni kelele. Huwezi kuamini kichwa chako kina maneno mengi kiasi hicho, na ukichunguza, kama nilivyochunguza, unakuta karibu yote yanaelekezwa kwa mtu: unajitetea kwa mkuu wako, unamjibu wifi, unaeleza kwa nini ulifanya hivi. Halafu, kwa kuwa hakuna anayejibu, mazungumzo yanachoka. Sikumbuki yaliishia siku gani. Nakumbuka asubuhi moja nilichuchumaa, nikasoma, nikaandika, nikainuka, na nikatambua kwamba nilikuwa nimesoma namba bila kumwambia mtu yeyote kichwani kwamba nasoma namba. Namba iliingia kwenye daftari ikiwa nzima.

Baada ya hapo nilianza kusikia. Nilitofautisha mvua kwa mabati: ile inayopiga kama mchele unaopepetwa na ile inayopiga kama maharage. Nilikadiria kabla ya kufungua kipimo, kisha nikasoma, na kadiri miezi ilivyokwenda tofauti ilipungua. Nilijua mto ukipanda kabla ya kuuona, kwa sababu unapopanda huacha kuchekacheka kwenye mawe na hunguruma kwa chini. Hondohondo walipita kila asubuhi, nikawazoea kama walivyozoeleka kwa watoto wa Mama Deo. Sikuwa nimegeuka mtawa. Niliwakumbuka watu wangu, na nilikula vibaya. Lakini kazi niliyoifanya miezi ile sikupata kuifanya kabla wala baada.

Isipokuwa kwamba sikuwa peke yangu kikamilifu. Nilikuwa na kurasa mbili, zile zenye namba sita. Kila nilipofungua daftari nilijizoeza kushika karatasi tatu kwa pamoja, ili kurasa zile zipite bila kuonekana, na vidole vikazoea. Mahali penye watu ningezisahau. Naamini hivyo kwa dhati. Kule juu hapakuwa na shelisheli wala rimoti. Kila Jumapili nilipanda jiwe la nyuma ya choo nikampigia daktari.

"Data iko salama, dada?"

"Iko salama, daktari."

Tasnifu ilipita. Watahini walisifu ukamilifu wa kumbukumbu: miezi saba bila pengo hata moja. Pengo ndilo lingekuwa ukweli wake, lakini neno walilotumia lilikuwa ukamilifu. Nikarudi kazini, nikafundisha vijana kuchuchumaa, nikawafundisha kistari kwa maneno yale yale ya Mzee Salehe, na nilipofika miaka sitini nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani.

Siku hizi vituo vinajisoma vyenyewe na kutuma namba kwa simu, na sina ugomvi navyo. Nawaomba tu mvitembelee. Kijana mmoja aliniletea mchoro wa mwezi mzima wa Aprili wenye sifuri tupu, ameandika chini yake ukame usio wa kawaida. Nilimuuliza kama alikwenda kukiona kifaa. Hakuwa amekwenda, alikuwa na mchoro. Tulikwenda wote tukakuta nyigu wamejenga kwenye faneli, na nyumba yao haivuji. Nilicheka sana siku hiyo. Kisha usiku sikucheka, kwa sababu nyigu angalau hawakukusudia.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani mhandisi kijana, Neema, na faili chini ya kwapa. Sebule yangu ilikuwa na wajukuu wanne na jirani mmoja anayesuka ukili.

"Shikamoo, mama. Nimekutafuta kweli kweli. Wewe ndiye mwenye tasnifu ya mvua za juu ya Matombo?"

"Marahaba. Ndiye."

"Basi umetuokoa. Tunajenga kivuko cha miguu, kule chini ya mashamba ya mwisho, kwa watoto wa shule na kina mama wanaokwenda zahanati ya misheni. Mteremko ule hauna kumbukumbu nyingine ya kila siku. Ni yako tu." Akafungua faili. Jedwali langu lilikuwa limekuzwa, na mstari mmoja umepakwa rangi ya njano. "Hii ndiyo mvua yako ya juu kabisa ya siku moja. Kimo cha kivuko tumekipata hapa."

Ilikuwa ile ya siku ya tatu.

"Mnamwaga zege lini?"

"Mwisho wa mwezi, mama, kabla ya masika."

Mjukuu akamwaga uji. Jirani akauliza kama Neema ameolewa. Nikasema, "Karibu chai." Neema alikunywa chai, akanishukuru tena, akaondoka.

Siku tisa nilifikiri, na najua ni tisa. Nilijiambia kwamba wahandisi huongeza kimo cha tahadhari. Huongeza, lakini huongeza juu ya namba waliyopewa. Nilijiambia ni siku sita katika miezi saba. Nilijiambia shahada yangu inaweza kufutwa, na kwamba kila namba niliyowahi kuandika, hata zile za kweli, zitatiliwa shaka. Hili lilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Kila nilipokaribia mwisho wa fikra, mtu aliniita mezani. Nikatambua kwamba nilikuwa kibarazani kwa Asha tena, na kwamba nilikuwa nimekaa pale miaka kumi.

Niliaga nyumbani kwamba nakwenda Matombo siku mbili. Binti yangu aliuliza nani ananisindikiza. Nilisema hakuna, naye akaniangalia kana kwamba nimesema nakwenda kuolewa.

Kibanda bado kipo, mabati yamepata kutu. Nililala, nikaamka, nikakaa nje bila kipimo wala daftari. Baada ya saa tatu hondo walipita. Niliwasikia tangu bondeni hadi walipotua, na sikuwa na hoja yoyote ya kumpa yeyote. Nikashuka kwa Mama Deo.

Amezeeka, anatumia fimbo, na mdomo haujapungua.

"Mtaalamu! Umerudi kukimbia hondo?"

"Shikamoo, Mama Deo. Nimekuja kuuona mfenesi."

Ulikuwa palepale, umenenepa, na kile kifundo cha tawi la kwanza kiko juu ya kichwa changu. Nilinyoosha mkono sikukifikia. Mita chache kutoka hapo palikuwa na vigingi vya mradi, na kamba nyekundu iliyofungwa kuonyesha kimo cha kivuko. Kamba ilikuwa usawa wa kifua changu.

"Mama Deo, maji yalifika hapa kweli? Kwenye kifundo?"

"Si nilikwambia? Ukasema uliyaona."

"Sikuyaona. Sikuwepo."

"Najua," akasema, akiwa anachomoa jani kavu kwenye mdalasini. "Mvua ilipokatika nilikuja juu na uji, nikijua umekufa. Nikakuta kufuli."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nilidhani mmekubaliana na wakubwa zako. Kazi zenu nani anazijua?" Kisha akaigusa ile kamba nyekundu kwa ncha ya fimbo. "Lakini hawa niliwaambia maji yanafika kwenye kifundo. Yule binti akasema, bibi, tuna namba."

Nilipanda tena, polepole, na magoti yangu yaliuma. Sikwenda ndani. Nilizunguka choo, nikapanda jiwe, nikasubiri alama za mtandao zijae, nikabonyeza jina la Neema.

"Mama, shikamoo! Tulikuwa tunakusema sasa hivi."

"Marahaba, Neema. Una kalamu?"

"Nina kalamu, mama."

"Fungua jedwali langu. Ule mstari wa njano, na miwili ya juu yake, na mitatu ya chini yake. Ifute."

Nilisikia karatasi. Nilisikia pia mtu mwingine ofisini akiuliza kitu, na Neema akimnyamazisha.

"Nikishaifuta niweke nini?"

"Kistari. Kila siku kistari chake. Halafu usimwage zege. Njoo na futi yako ndefu kwa yule bibi wa kwenye mfenesi, umpe kiti, akuonyeshe tena."

"Mama, sielewi. Kistari si maana yake hakuna usomaji? Namba zako zipo hapa. Nimeiona hata nakala ya daftari lako, imelowa mvua kabisa. Wewe ulikuwepo."

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Sikuwepo."